Gesi ya soda au hewa? Jinsi nilivyochagua mitungi ya bunduki za rangi

Najua nimekuwa kimya. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata, na nitauendeleza, lakini leo mniwie radhi. Leo sina PHP wala Linux. Naandika kuhusu mitungi ya gesi. Kuna kosa nililifanya na lahajedwali langu mwenyewe, na tangu siku hiyo kuna rafiki zangu wawili ambao wameniuliza swali lile lile lililonifikisha hapo. Badala ya kueleza mara ya tatu kwa simu, wacha niandike mara moja.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana kipande cha shamba upande wa Limuru chenye miti ya mikaratusi. Viazi havikumlipa. Akaamua kufungua uwanja wa peintiboli, ule mchezo wa kupigana risasi za rangi ambao ofisi nyingi za Nairobi hupeleka wafanyakazi wao wakafahamiane (yaani bosi apigwe bila mtu kufutwa kazi). Alinunua bunduki 12 zilizotumika, aina ya Tippmann 98, chuma tupu, hazina betri wala umeme ndani yake. Mimi nilichangia akiba yangu kidogo, na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa tarakilishi" katika ukoo, nikapewa kazi ya kuamua mambo ya kiufundi. La kwanza lilikuwa: bunduki zitasukumwa na nini?

Kwa asiyejua, risasi ya rangi ni kitu kama kidonge kikubwa cha dawa. Ganda lake ni gelatini, upana wake inchi 0.68, uzito kama gramu 3. Haina baruti. Inasukumwa na gesi iliyoshindiliwa kwenye mtungi mdogo unaofungwa nyuma ya bunduki, na gesi hiyo ni moja kati ya mbili: kaboni dayoksaidi, ambayo hapa nitaiita gesi ya soda, au hewa ya kawaida tunayovuta, ikiwa imebanwa sana.

Gesi ya soda ndiyo ya kale. Bunduki za kwanza za mchezo huu hazikutengenezwa kwa mchezo. Zilikuwa za watu wa misitu na wafugaji huko Marekani, za kutia alama ya rangi kwenye miti na ng'ombe kutoka mbali, na zilitumia vile vichupa vya gramu 12 vya gesi hiyo. Mwaka 1981, huko Henniker, New Hampshire, watu 12 waliingia msituni nazo kuwindana wenyewe, na mchezo ukaanzia hapo. Ndiyo maana wachezaji wengi mpaka leo hukataa neno bunduki na kusema ni chombo cha kutia alama. Sisi huku tunasema bunduki, na nitaendelea kusema hivyo.

Haya basi. Nilifungua lahajedwali nikaweka safu mbili. Upande wa gesi ya soda: mitungi ni rahisi, kujaza ni rahisi, na zaidi ya yote gesi yenyewe iko mlangoni. Si wengi wanaojua kwamba gesi nyingi inayotoa povu kwenye soda zetu inatoka chini ya ardhi, huko Kereita, kaunti ya Kiambu, ambako kampuni ya Carbacid huichimba kwenye visima. Kutoka uwanja wa shemeji hadi Kereita si mbali. Upande wa hewa: mitungi ghali, kompresa ghali zaidi, na hakuna jirani anayejaza. Nikajumlisha. Gesi ya soda ikashinda kwa mbali. Nikampigia shemeji simu nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu: nunua mitungi ya aunsi 20, hiyo ni gramu 567 za gesi kila mmoja, mtu mmoja atacheza kutwa.

Kila kitu nilichoandika kwenye lahajedwali lile kilikuwa kweli. Ila kuna safu moja sikuiweka kabisa, nayo ni joto.

Jumamosi moja ya Januari 2023 tulikuwa na kundi la vijana, sherehe ya kuzaliwa ya binti ya shemeji aliyekuwa anatimiza miaka 16. Mnaoishi Limuru mnaijua Januari: asubuhi unavaa koti zito, nyasi zina umande wa barafu karibu, na saa saba mchana jua linakuchoma kisogo. Saa mbili asubuhi tulipima bunduki zote kwa kipima mwendo. Kikomo cha uwanja wetu ni futi 280 kwa sekunde. Bunduki zilikuwa dhaifu, nyingine 240, nyingine hata 230. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilishika bisibisi nikakaza skrubu ya mwendo moja baada ya nyingine mpaka zote zikasoma karibu na 280. Nikajipongeza. Nikaenda kunywa chai.

Mchana mitungi ilikuwa imelala juu ya meza juani kati ya mchezo na mchezo. Hakuna aliyepima tena. Kwa nini apime, asubuhi si tulipima? Katika mchezo wa nne msichana yule akapigwa shingoni, chini ya sikio, pale barakoa inapoishia, na rafiki yake ambaye hakuwa hata karibu naye sana. Si alama ya rangi tu. Ngozi ilipasuka, damu ikashuka kwenye kola. Alilia bila sauti, ile ya mtu anayeona aibu kulia mbele ya wenzake.

Daktari alisema si kitu kikubwa, akaisafisha, akampa dawa ya maumivu. Lakini mimi nilirudi uwanjani jioni ile nikaichukua bunduki iliyompiga nikaipima. Futi 327. Nguvu ya risasi hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 280 hadi 327 si ongezeko dogo, ni zaidi ya theluthi. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniambia maneno machache tu: "Shem, wewe ndiye ulisema umepima." Mke wangu hakuniambia chochote njia nzima hadi nyumbani, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Kama ungeniuliza siku hiyo sababu, ningesema bunduki ni kuukuu. Lakini bunduki haikuwa na kosa. Fikiria mtungi wa gesi ya kupikia jikoni. Ndani yake mna kimiminika, na juu yake mvuke. Asubuhi ya baridi moto unakuwa mdogo, na kina mama wa Limuru wanajua dawa yake: unauweka mtungi ndani ya karai la maji ya moto, na moto unapata nguvu. Hukuongeza gesi hata tone. Umeongeza joto, na shinikizo la mvuke limepanda. Gesi ya soda katika mtungi wa bunduki inafanya vivyo hivyo, ila kwa nguvu kubwa zaidi. Ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi, shinikizo lake ni kama bar 45. Nyuzi 20, bar 57. Nyuzi 25, bar 64. Nyuzi 30, bar 72. Ukivuka nyuzi 31 hakuna kimiminika tena, yote inakuwa kitu kimoja kizito, na hapo shinikizo linategemea ulijaza kiasi gani. (Ndugu zetu wa Mombasa, kwenu nyuzi 31 ni siku ya kawaida tu. Na ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani? Ndiyo sababu kwenye valvu kuna kisahani chembamba cha usalama kinachopasuka kabla mtungi wenyewe haujapasuka. Usikibadilishe kwa sarafu, nimesikia watu wakifanya hivyo.)

Kwa hiyo asubuhi ile nilikaza skrubu ili bar 45 zifanye kazi ya futi 280, na mchana nikaziacha skrubu hizo hizo mbele ya bar 65 na zaidi. Nyinyi waandishi wa programu mnalijua kosa hili. Ni ile programu iliyofaulu majaribio yote kwenye mashine yako, halafu mteja anaifungua.

Kuna udhia mwingine wa gesi ya soda ambao nitaupitia haraka. Ukifyatua kwa kasi, mtungi unajipoza wenyewe maana kimiminika kinanyonya joto ili kiwe mvuke, kwa hiyo risasi ya ishirini ni dhaifu kuliko ya kwanza. Ukiinamisha bunduki mdomo chini, kimiminika kinaweza kuingia ndani ya bunduki na kuharibu pete za mpira, isipokuwa mtungi una ule mrija uliopindwa ndani wa kuzuia. Na geji haikuambii umebakiwa na kiasi gani, inakuambia joto tu. Kujua kiasi ni lazima upime kwa mizani, na kujaza ni kwa mizani pia; mtungi wa gramu 567 ukiujaza gramu 700 kwa kuwa "bado inaingia" umetengeneza bomu la kusubiri jua.

Hewa haina mambo hayo. Hewa katika mtungi ni gesi tupu, haina kimiminika. Mbele ya mtungi kuna regyuleta ambayo inapokea bar 200 au 150 au 100 na kutoa namba ile ile, kama psi 800 hadi 850 kwa mitungi ya kawaida, ambayo ni karibu bar 57. Umeiona namba hiyo hapo juu? Ni shinikizo la gesi ya soda siku ya nyuzi 20. Ndiyo sababu bunduki za kizamani kama zetu zinakubali hewa bila kubadilishwa chochote. Joto likipanda, shinikizo la ndani hupanda kidogo, lakini bunduki haijui, maana regyuleta imesimama mlangoni. Bunduki za kisasa zenye betri zinaihitaji hewa hasa, kwa kuwa valvu zao za umeme haziipendi baridi ya gesi ya soda.

Basi nikamwambia shemeji: tunahama. Tutauza mitungi yote tuliyonunua, kwa hasara, na hasara hiyo ikatwe kwenye fungu langu. Akakubali upesi kuliko nilivyotarajia. Halafu akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na kila mtu tangu hapo: "Si petroli stesheni wana upepo? Tutajazia hapo."

Upepo wa petroli stesheni ni wa magurudumu. Kompresa ile inatoa bar 8, ikijitahidi sana 10. Sisi tunataka 200. Si suala la kusubiri muda mrefu, haitafika hata ukilala hapo.

Njia ya pili ni vile vikompresa vidogo vya umeme vinavyouzwa mtandaoni kwa watu wa bunduki za hewa, bei yake kama ya simu nzuri ya mkono. Vinafika bar 300, ni kweli. Lakini vimekusudiwa kujaza kitu kidogo, kisha vipumzike. Vinapozwa kwa maji ya ndoo, vinapata moto, pete zake zinakwisha, na kama una bunduki 12 na watoto wa watu wamepanga foleni, havikufai. Kwa mtu mmoja mwenye bunduki yake moja, sawa, nenda navyo, ila ununue na chujio la unyevu. Ukibana hewa ya Limuru yenye ukungu mpaka bar 200, maji yanatoka kama umekamua nguo, na maji hayo yasipozuiwa yanaingia kwenye mtungi wako.

Ya tatu ni kompresa kubwa ya kweli kama za wapiga mbizi. Huko Diani na Watamu wapo, maana kuna kazi ya kupiga mbizi, na mtu wa pwani mwenye bunduki ya rangi hana shida, aende kwa hao na adapta sahihi. Kwetu sisi ni kilomita zaidi ya 450. Kununua yetu tulipiga hesabu tukaona ni bei ya gari kuukuu, tena juu huku, zaidi ya mita 2,000, hewa yenyewe ni nyepesi kwa kama moja ya tano, kwa hiyo kompresa inavuta kidogo kila mzunguko na kujaza kunachelewa. Huo ni mradi wa mwaka mwingine.

Ya nne ndiyo tuliyoichukua, nitaieleza. Lakini kwanza kuna simu moja ya shemeji.

Ilikuwa Alhamisi, niko ofisini. Akasema kwa furaha, "Shem, nimepata mtu wa hewa! Ni yule fundi wa kuchomelea pale barabarani. Ana mtungi mrefu, geji inasoma bar 140. Anasema ni hewa safi, ile ya hospitali. Tuko hapa tunafunga bomba." Nikamwuliza mtungi umeandikwa nini. Kimya kidogo. "Oksijeni."

Sikumbuki nilisema nini hasa, najua nilipaza sauti mpaka wenzangu wakageuka. Jamani, oksijeni si hewa. Hewa ina oksijeni kama sehemu 21 kwa 100, iliyobaki karibu yote ni naitrojeni, na ndiyo inayotulinda. Oksijeni tupu kwenye shinikizo kubwa ikikutana na mafuta au grisi inaweza kuwaka bila kiberiti. Na bunduki zetu ndani zimepakwa mafuta, kila moja, kama kitabu chake kinavyoagiza. Angefungua valvu ile haraka, angekuwa ameshika mkononi kitu ambacho sitaki kukieleza. Nilimwambia afungue bomba, aondoke, na amwombe fundi radhi. Fundi mwenyewe hakuwa na ubaya, kwake oksijeni ni "hewa" tangu aanze kazi. Neno tu. Nilitoka ofisini mapema siku hiyo bila kuzima hata tarakilishi, nikaenda Limuru kuhakikisha kwa macho yangu.

Basi njia ya nne: naitrojeni. Wauzaji wa gesi za viwandani Nairobi hukodisha mitungi mikubwa ya lita 50 iliyojazwa bar 200, na naitrojeni ni kavu, haina mafuta wala maji, haiwaki. Na wala si uzushi wetu. Mitungi ya kwanza ya hewa katika mchezo huu miaka ya 1990 ilijazwa naitrojeni, na wachezaji wakongwe wa Marekani bado huiita kwa jina hilo. Tahadhari yake ni moja: usiihifadhi kwenye chumba kilichofungwa. Ikivuja inafukuza oksijeni na hutasikia harufu yoyote, utalala tu. Yetu imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo chini ya paa lisilo na kuta.

Sasa mitungi midogo. Hapa karibu nirudie kosa langu la mwanzo. Niliona mitungi ya fiba ya kaboni, ile inayoandikwa 68/4500, yaani inchi za ujazo 68 na psi 4,500, ambayo ni kama bar 310. Myepesi, mizuri, inang'aa. Nilikuwa nimeshaiweka kwenye kikapu cha duka la mtandaoni. Kisha nikajiuliza: ni nani atakayeijaza bar 310? Chanzo changu ni bar 200. Ningelipia namba ambayo singeifikia kamwe. Wachezaji wana kanuni ya kukadiria: zidisha inchi za ujazo kwa psi, gawanya kwa 300, utapata idadi ya risasi. Mtungi wa 68/4500 ukijaa ni risasi kama 1,020. Ukijazwa psi 2,900 tu, zinabaki kama 650. Mtungi wa alumini wa 48/3000, ambao ni lita 0.79, bei yake ni ndogo mno, na kwa chanzo changu unatoa risasi kama 460. Mteja wetu wa kawaida hapigi zaidi ya 400 kwa kipindi. Tukanunua 24 za alumini: 12 zikicheza, 12 zikijazwa.

Halafu nikakaa usiku mmoja nikaandika programu fupi ya Python, mistari kama 30, kuona mitungi mitatu mikubwa itatufikisha wapi. Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote, mnivumilie. Chukulia mtungi mdogo unarudi ukiwa na bar 40. Ukijaza kutoka mtungi mkubwa mmoja wa bar 200, kila ukijaza shinikizo la mkubwa linashuka, na wa 24 anapata bar 150 tu. Shemeji alitaka tuunganishe mikubwa yote mitatu kwa bomba moja, iwe kama mtungi mmoja wa lita 150. Si vibaya. Lakini baada ya kujaza mara 60, wa mwisho anapata bar 157. Sasa badala yake iache mitatu mbalimbali. Kila mtungi mdogo uanze kwenye namba 1 mpaka zilingane, kisha namba 2, kisha umalizie namba 3, daima kwa mpangilio huo. Namba 1 inachoka haraka, namba 3 karibu haiguswi, inamalizia tu. Baada ya mara zile zile 60, wa mwisho anapata bar 189. Gesi ni ile ile, pesa ni zile zile. Namba 1 ikichoka kabisa inarudishwa kwa muuzaji, 2 inakuwa 1, 3 inakuwa 2, na mpya inakaa mwisho. Nilimchorea shemeji kwa chaki ukutani na kijana wa uwanja akaelewa kabla yake :-)

Uwanjani namba hutoka pungufu kidogo kuliko kwenye programu, kwa sababu ukijaza haraka mtungi unapata moto, geji inasoma 200, na ukipoa unakuta 180. Jaza polepole, hesabu kama dakika moja. Kijana wetu huimba wimbo mmoja wa injili mpaka mwisho ndipo afunge valvu.

Mambo machache ambayo nisingependa ujifunze kama nilivyojifunza mimi. Angalia tarehe iliyogongwa shingoni mwa mtungi kabla ya kulipa. Kanuni za Marekani zinataka mitungi kama hii ipimwe kwa maji kila miaka 5, kwa shinikizo la theluthi mbili juu ya lile la kazi (ya psi 3,000 inapimwa kwa 5,000), na ile ya fiba ya kaboni kwa kawaida mwisho wake ni miaka 15, hata kama inang'aa. Mtu anayekuuzia fiba ya miaka 14 kwa bei ya kutupa anakutupia kweli. Usitie mafuta kwenye chuchu ya kujazia, hata tone. Na unapofungua mtungi kutoka kwenye bunduki, tazama ni nini kinachozunguka: ni mtungi pamoja na valvu yake, au ni mtungi unaojifungua kutoka kwenye valvu? Huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wawili waliuawa na mitungi ya gesi ya soda iliyoruka kwa sababu hiyo, na tume yao ya usalama wa bidhaa ikatoa onyo. Sisi tumepaka mstari wa rangi ya kucha kuvuka valvu na mtungi. Mstari ukikatika, mtungi huo hauguswi. Rangi ya kucha alitoa mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kunisemesha tena.

Kuhusu kuagiza bunduki zenyewe kutoka nje, usilipe kwanza ndipo uulize. Nenda kwa bodi ya leseni za silaha na kwa watu wa forodha, upate jibu kwa maandishi.

Tulifungua tena uwanja Julai ile. Januari iliyofuata nilikwenda Jumamosi tatu mfululizo na kipima mwendo na daftari. Jumamosi ya kwanza, saa mbili asubuhi, bunduki namba 7, ile ile: 278. Saa saba mchana, baada ya mtungi kukaa juani makusudi: 281. Sikugusa skrubu. Hata hivyo sheria ya uwanja sasa ni kupima tena baada ya chakula cha mchana, na bunduki isiyopimwa haiingii, hata ya shemeji.

Binti yake alikataa kucheza kwa karibu mwaka mzima. Alirudi na marafiki wake Jumamosi ya tatu, amejifunga skafu nene shingoni juu ya ile kinga tuliyonunua. Hakunisalimia kwanza. Alikuja moja kwa moja mezani, akaniwekea bunduki yake mbele yangu, akasema, "Anko, pima hii nikiona."

Nikapima. 276. Akaisoma mwenyewe kwenye kioo, akaandika kwenye daftari, kisha akasema nipime na yangu.